Klabu, shule au mashindano: njia tatu za ukocha wa tenisi kwa aliye Mwanza

Anayecheza tenisi vizuri Mwanza hakai muda mrefu kabla ya kuombwa afundishe. Anaanza kwa kumpigia mipira mwanachama mmoja wa klabu, mama mmoja anamletea watoto wake wawili siku za Jumamosi, kisha mwalimu wa michezo wa shule fulani anapiga simu. Hapo anatakiwa kuamua, na wengi wanakwama. Njia zilizo wazi ni tatu: kufundisha klabuni kwa malipo ya saa, kuajiriwa na shule, au kushika kikundi cha vijana wanaoshindana na kusafiri nao. Zote zinaitwa ukocha. Ila anayelipa ni tofauti katika kila moja, na anayelipa ndiye anayepanga saa zako, umri wa wanafunzi wako na kipimo cha kazi yako.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tutaiuliza maswali yaleyale: nani analipa na pesa inakujaje, saa za kazi zikoje, kazi yenyewe uwanjani ni ipi, vifaa gani vinahitajika, nini huharibika, na inamfaa nani. Suala la saa ndilo watu husahau, na kwa Mwanza ndilo linaloamua mengi, kwa hiyo tulimalize kwanza kwa ujumla wake.

Mwanza iko magharibi, lakini inatumia saa zilezile za Dar es Salaam. Jua huchelewa kuchomoza na kuzama kwa takriban dakika 25 kuliko Dar. Novemba linachomoza karibu saa 12:30 asubuhi na kuzama karibu saa 12:40 jioni; Februari linachelewa kama nusu saa zaidi. Katikati ya mchana haifai kumsimamisha mtoto kwenye saruji: hapa ni nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kwa kiwanja kisicho na taa, saa nzuri za asubuhi ni mbili tu, kuanzia saa 1 hadi saa 3, na za jioni ni mbili na nusu, kuanzia saa 10. Jumla saa nne na nusu kwa siku. Ukiwa na kiwanja kimoja, hicho ndicho kiasi cha bidhaa ulichonacho cha kuuza.

Kuna upepo pia. Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani na kuongezeka alasiri. Asubuhi mara nyingi kunatulia. Anayejifunza servisi, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, mpe asubuhi, kwa sababu mpira anaourusha juu hautahamishwa na upepo, na kosa utakaloliona litakuwa la mkono wake. Mvua zinaanza Oktoba hadi Mei, nzito zaidi Novemba na Desemba, halafu Machi na Aprili. Kiwanja cha saruji ukikisukuma maji kwa kifutio cha mpira kinachezeka jua likitoka. Cha udongo hakitaki haraka: ukikikanyaga kikiwa na maji, mashimo ya visigino yatabaki mpaka kimwagiliwe, kisawazishwe na kushindiliwa upya kwa rola.

Kocha wa klabu

*Anayelipa.* Mwanachama au mzazi, kwa saa, na klabu mara nyingi inakata sehemu yake. Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu, wewe uweke za kwako: ada shilingi 20,000 kwa saa, klabu inachukua 5,000, zinabaki 15,000. Jioni wanachama wanataka kiwanja wacheze wenyewe, kwa hiyo siku za kazi hupati zaidi ya saa 3. Jumamosi na Jumapili weka saa 4 kila siku. Ni saa 23 kwa wiki, sawa na 345,000. Sasa toa robo nzima kwa mvua na kwa ujumbe wa saa 9 mchana, "Kocha, leo nina kikao, tufanye kesho." Inabaki karibu 259,000, kabla ya mipira, nauli na matibabu. Anayepanga maisha yake kwa ile 345,000 ataishi kwa kukopa.

Dawa ya hilo ni kuuza vipindi kumi kwa mkupuo, vilipwe kabla. Masharti yaandikwe mistari mitatu: anayeahirisha atoe taarifa jioni ya siku iliyotangulia, asiyetoa taarifa kipindi kimehesabiwa, mvua ikinyesha kipindi kinahamishwa na pesa hairudishwi. Mtumie mteja masharti hayo siku ya kwanza, kwa adabu. Ukisubiri mpaka mtofautiane, bosi au mama mkubwa aliyekuzoea ataona umemvunjia heshima.

*Saa na kazi yenyewe.* Wengi ni watu wazima wanaotoka ofisini. Wanataka kutoka jasho, kupiga mipira mingi na kuona wameendelea. Kipindi cha dakika 60 kinachofanya kazi kinagawika hivi: dakika 10 za kupigiana mipira mifupi ndani ya visanduku vya servisi, vyenye mstari mita 6.40 kutoka wavuni. Dakika 20 za kapu, ukimrushia mipira kwa shabaha moja tu. Dakika 15 za kupigiana kwa urefu wa kiwanja. Dakika 10 za servisi. Tano za kupoa na kumwambia kitu kimoja cha kufanyia kazi. Kwenye kapu usizidishe mipira minane mfululizo. Baada ya hapo miguu ya mtu mzima inasimama, anaanza kupiga kwa mkono peke yake, na wewe unamlipisha kwa kukomaza kosa.

Kosa utakalokutana nalo zaidi ni mshiko wa servisi. Anayeanza anageuza uso wa raketi ukaelekea wavuni tangu mwanzo, mpira unakwenda sawasawa siku mbili tatu, kisha haongezi nguvu bila kuutoa nje. Mwambie aishike kama anayetaka kupigilia msumari kwa ukingo wa raketi. Atapoteza servisi zake kwa wiki mbili au tatu. Mweleze hivyo mapema, la sivyo atadhani umemharibia.

*Vifaa.* Kapu la mipira 60 hadi 72, raketi mbili zako, koni na kamba. Mipira yenye presha hupoteza mdundo wiki chache baada ya kopo kufunguliwa hata isipochezwa, kwa hiyo kapu lijaze mipira isiyo na presha, yenye presha iwe ya mechi. Ukipata mtaji, mashine ya kufunga nyuzi ni ununuzi mzuri kuliko raketi ya tatu: raketi moja inakula takriban mita 12 za nyuzi, wengi wanafungiwa kati ya kilo 22 na 27, na kazi hiyo inafanyika kibarazani wakati mvua imefunga kiwanja. Kanuni ya kawaida ni kwamba mtu abadilishe nyuzi kwa mwaka mara nyingi kama anavyocheza kwa wiki.

*Kinachoharibika.* Mteja mmoja anapobeba nusu ya kipato, akihamishwa kikazi umebaki pembeni. Uongozi wa klabu unabadilika na masharti ya kutumia kiwanja yanabadilika nao. Na mwili unachoka: kiwiko na bega la kocha huumia kwa kurusha mipira mamia kila siku kwa mshiko uleule, huku misuli ya mkono haijapashwa joto. Hakuna mwajiri wa kukuchangia, hivyo jiandikishe mwenyewe NSSF kama mtu aliyejiajiri na upange bima ya afya.

*Inamfaa* mtu anayejua kuongea na watu wa rika zote, anayevumilia mwezi mbaya, na mwenye nidhamu ya kuweka akiba kipindi cha kiangazi, Juni hadi Agosti, viwanja vinapokuwa vikavu.

Kocha wa shule

*Anayelipa.* Shule, kwa mshahara wa mwezi. Hapa sheria iko upande wako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. NSSF inachangiwa asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatoa angalau nusu yake. Kabla ya kusaini uliza mambo matatu. Mkataba ni wa miezi 12, au unalipwa miezi ya masomo tu? Mechi za Jumamosi ziko ndani ya saa 45 au ni za ziada? Unaruhusiwa kufundisha klabuni jioni? Hilo la tatu wengi hawaulizi, nalo ndilo linaloleta barua ya onyo.

Hakikisha pia majukumu yameandikwa. Michezo inayojulikana zaidi UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ni soka, netiboli, mpira wa wavu na riadha. Msimu ukifika mkuu wa shule atatafuta mtu wa kusimamia netiboli, na wewe ndiye umevaa traki. Si jambo baya, ukiwa umelikubali kwa maandishi na kulipwa.

*Saa.* Zinajulikana, na hilo ni nafuu kubwa kwa mwenye familia. Ubaya ni kwamba vipindi vya michezo mara nyingi huwekwa mchana, jua na upepo vikiwa vimeshika. Omba madarasa ya wadogo yapewe asubuhi, na mapumziko ya maji kila dakika 15.

*Kazi yenyewe.* Hii ndiyo njia inayohitaji ufundi mwingi wa kufundisha, ingawa watu wa klabu huidharau. Una watoto 16 au 24, dakika 40, kiwanja kimoja. Ukiwapanga mstari mmoja upande mmoja, kila mtoto atapiga mipira michache na kusubiri muda wote uliobaki, na wanaosubiri ndio wanaopigana raketi vichwani.

Suluhisho liko kwenye vipimo. Kiwanja kizima kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 pamoja na vichochoro vya wachezaji wawili wawili. Kiwanja cha hatua nyekundu, cha watoto wa miaka 8 kushuka, kina urefu wa mita 11. Maana yake upana wa kiwanja kikubwa unatosha kuwa urefu wa kiwanja kidogo. Funga kamba kuanzia uzio wa nyuma hadi wavuni, katikati ya upana, juu ya viti viwili, kwa kimo cha sentimita 80. Fanya hivyo pande zote mbili za wavu, na umepata viwanja vidogo vinne. Watoto wanne kila kimoja: wawili wanapigiana, mmoja anahesabu mipigo, mmoja anaokota, wanabadilishana kila dakika mbili. Kumi na sita wote wana kazi. Wakiwa 24, wale wanane wafanye mazoezi ya kudaka na kurusha pembeni chini ya msaidizi, wapokezane katikati ya kipindi.

*Vifaa.* Inanunua shule, lakini wewe ndiye unayeandika orodha, na ukikosea utaishi nayo mwaka mzima. Mipira myekundu ni polepole kwa takriban asilimia 75 kuliko ya kawaida, ya chungwa asilimia 50, ya kijani 25. Ya chungwa ni ya kiwanja cha mita 18, ya kijani ya kiwanja kizima. Tangu 2012 kanuni za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, haziruhusu mpira wa kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka, na sababu yake utaiona mwenyewe: mpira wa watu wazima unamrukia mtoto kichwani, naye anajifunza kurudi nyuma na kupiga kwa kujikinga. Raketi ziwe inchi 21 kwa wadogo kabisa, 23 kwa miaka 6 hadi 8, 25 kwa 8 hadi 10. Agiza mapema, wala usipange muhula wote kwa kutegemea mpira mwekundu utaupata dukani mjini.

*Kinachoharibika.* Mitihani inakula vipindi. Kiwanja kinafanywa maegesho ya magari siku ya mahafali na mafuta yanabaki juu ya saruji. Watoto wenye kipaji wanahama shule. La kuzingatia kuliko yote ni usalama wa watoto: usibaki na mtoto mmoja peke yenu mahali pasipoonekana, usimpe lifti bila mzazi kujua, na ukimrekebisha mshiko, onyesha kwa mkono wako kwanza. Hayo yanahusu njia zote tatu, ila shuleni kosa moja linaweza kufunga mlango wa kazi kabisa.

*Inamfaa* mwenye subira na watoto, anayehitaji mshahara unaotabirika, na ambaye haumii kuona kwamba katika watoto mia wachache sana watakuwa washindani.

Kocha wa mashindano

*Anayelipa.* Wazazi wachache, wakati mwingine chama au mfadhili. Malipo ya kawaida yana sehemu tatu: ada ya wiki, gharama zako za safari, na asilimia ya zawadi, ambayo kwa wachezaji wa kulipwa mara nyingi huzungumzwa kuwa 10. Usidanganyike na hiyo asilimia. Mashindano ya wanaume ya M15, ngazi ya chini kabisa ya kulipwa, yana zawadi ya jumla ya dola 15,000, na bingwa anachukua zaidi kidogo ya dola 2,000. Asilimia 10 ya hapo ni dola 200 na kitu, na hiyo ni kwa bingwa. Kwa vijana hakuna zawadi ya pesa wala asilimia. Kwa hiyo ada ya wiki ndiyo riziki yako, na familia tatu au nne zikigawana gharama za kocha ndipo inawezekana.

*Saa.* Hazina mpaka. Asubuhi mazoezi, mchana shule yao, jioni mazoezi tena, na wiki za safari unalala na kuamka na kazi.

*Kazi yenyewe.* Ngazi ya kimataifa ya vijana ya ITF ni ya miaka 13 hadi 18, inaanzia J30 na kupanda J60, J100, J200, J300 hadi J500. Mchezaji anahitaji namba ya usajili ya IPIN, na majina hufungwa wiki kadhaa kabla. Kutoka Mwanza, Nairobi ni kituo kimojawapo chenye historia ya mashindano haya, kwa basi kupitia Sirari. Kila mtoto awe na pasi ya kusafiria, barua ya ridhaa ya mzazi, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa mechi za kujipima si lazima iwe Nairobi: Kisumu kuna Nyanza Club yenye viwanja, na Kampala kuna viwanja vya Lugogo.

Jambo ambalo kocha wa ziwani hana budi kulifahamu ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kanuni za ITF zina mpira maalumu kwa maeneo yaliyozidi mita 1,219, na Nairobi, karibu mita 1,700, imo. Hewa ikiwa nyepesi mpira unaruka mbali. Kijana aliyezoea Mwanza akifika Nairobi atatoa mipira nje kwa nusu mita na kuanza kupiga kwa hofu. Akienda Dar, usawa wa bahari, mipira ileile itaangukia fupi. Fikeni siku mbili au tatu kabla, ongeza kilo moja hivi kwenye mkazo wa nyuzi kwa Nairobi, na mwache azidishe mzunguko wa mpira kabla ya kumwambia apunguze nguvu.

Tangu 1 Januari 2025 kanuni zinamruhusu kocha aliye pembeni kumwelekeza mchezaji, waandaaji wakiwa wameruhusu, kwa maneno mafupi yasiyovuruga mchezo. Jizoeze kusema sentensi moja: "Lenga bekihendi yake." Sentensi tano zinamchanganya.

*Vifaa.* Mipira mipya mingi, nyuzi za akiba, mashine ya kufunga nyuzi karibu lazima, na bima ya safari.

*Kinachoharibika.* Mzazi anaishiwa pesa katikati ya msimu. Kidato cha nne kinafika na mtoto anasimama mwaka mzima. Anaumia mgongo kwa sababu servisi ziliongezwa haraka. Na kuna hili: ukifanikiwa, mchezaji anaondoka. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyepitia kituo cha mafunzo cha ITF na CAT, shirikisho la tenisi la Afrika, jijini Nairobi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp, kisha akaenda kuchezea chuo kikuu cha Auburn, Marekani. Kocha wa mashindano anapanga kipato chake akijua hivyo. Jambo jingine ni kamari: kanuni za uadilifu za tenisi zinamkataza kocha wa ngazi hii kubeti mechi yoyote ya tenisi, popote. Mkeka wa elfu moja kwenye simu unatosha kukufungia.

*Inamfaa* asiye na majukumu mazito ya nyumbani kwa sasa, anayependa kuchambua mechi, na aliye na chanzo kingine cha pesa kwa miaka miwili ya mwanzo.

Vyeti

Njia zote zinapanda ngazi moja. ITF ina kozi ya kuanzia, kisha ngazi ya 1 kwa wanaofundisha wanaoanza na wa kati, ya 2 kwa wachezaji wa juu, ya 3 kwa ushindani wa hali ya juu. Kozi za uwanjani hupitia chama cha taifa, na ITF Academy ina masomo ya mtandaoni. Wana Mwanza wana bahati ya ziada: Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, ndani ya mkoa. Cheti cha Malya si cha tenisi pekee, ila kwa shule kinaweza kuwa na uzito kuliko kombe ulilobeba. Klabuni wanaangalia kwanza unavyocheza.

Kwa hali yako

Kama una watoto wanaosoma na kodi ya nyumba kila mwezi, anza na shule, na udai kwa maandishi ruhusa ya kufundisha klabuni Jumamosi. Mchanganyiko huo ndio unaowabeba wengi.

Kama wewe ni kijana uliyetokea kwa waokota mipira, unacheza vizuri lakini huna cheti, klabu ndiyo mahali pa kuanzia. Weka pembeni pesa ya kipindi kimoja kila wiki kwa ajili ya kozi ya kwanza.

Kama ni mwalimu wa michezo tayari na tenisi umeijua ukubwani, baki shuleni. Viwanja vidogo vinne na kamba mbili vitakupa matokeo kuliko kuhangaika kuwapigia mipira watu wanaokuzidi uwezo.

Kama kuna kijana mmoja mwenye kipaji na mzazi anakuomba uache vyote umfuate, mwombe mzazi bajeti ya miezi 12 iliyoandikwa, tafuteni familia nyingine mbili, na usiache wateja wako wa asubuhi mpaka pesa ya miezi mitatu ya kwanza iwe imelipwa.